Kiti cha Mbele cha Gari la Shangazi Tima

Ilianza Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini za alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Shangazi Tima, nikimjibu mteja wa Bamburi aliyeuliza kama gari lina baridi. Kabla sijamaliza kuandika "ndiyo" nikamsikia Shangazi nyuma yangu akisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Kesho safari ya Malindi, Nuru, wewe utakaa mbele."

Hakusema Rukia. Alisema Nuru.

Hapo ndipo nilipostaafu, ingawa mwenyewe nilikuwa sijajua bado. Wadogo zangu, najua mtacheka. Mtu wa kidato cha nne anastaafu nini? Lakini kazi ya kwenye gari la Shangazi niliianza nikiwa darasa la saba, kila Jumamosi na kila likizo. Mtu aliyeifanya kazi tangu hajaota chunusi mpaka chunusi zimechoka zikaondoka, ana haki ya kuwasimulia wanaokuja baada yake. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mnanijua. Mbele ya watu watatu sauti yangu hurudi tumboni.

Kwa asiyemjua, Shangazi Tima ni dadake baba. Anakaa Magogoni, karibu na kwetu, na ana gari la kijivu la viti saba ambalo watu hulikodi pamoja na yeye mwenyewe dereva. Mtu akitaka kwenda Malindi au Diani asubuhi na kurudi jioni, humpigia Shangazi. Wateja wake ni wanawake. Wakishaingia na milango ikafungwa, wanavua nikabu, wanavua viatu, wanakunja miguu juu ya kiti, wanawasema mawifi mpaka Kilifi, na hapana mwanamume wa kuwasikia. Ndiyo maana hawaendi kwa dereva mwingine.

Mimi nilikaa mbele, kushoto kwake. Kazi yangu ilikuwa simu, maji ya kunywa, mifuko ya wanaotapika, kushuka kuuliza njia, na kujua kituo gani cha petroli kina choo cha kuingilika. Kwa hili la mwisho nawaambia: msiamini choo kilichopakwa rangi nje.

Mteja akikwambia yuko mlangoni, yuko bafuni. Akikwambia yuko bafuni, bado hajaamka. Ukifika usipige honi, kwa sababu honi humfanya mtu asahau dawa zake, na mtarudi kuzichukua mkiwa mmeshafika Mtwapa. Subiri tu. Bibi mkubwa kuliko wote usimwulize atakaa wapi, maana atasema "popote mwanangu" kisha anung'unike njia nzima. Mfungulie mlango wa kushoto. Kwenda Malindi asubuhi jua hupiga mkono wa kulia, na kurudi alasiri hupiga mkono wa kulia tena. Aliyekaa kushoto hukaa kivulini kutwa nzima, na ataamini wewe una adabu sana.

Zamani, nasema zamani, kama miaka minne hivi, wateja walieleza njia kwa mdomo. Pinda pale kwa muuza makuti, uliza kwa Mama Riziki. Siku hizi wanatuma alama kwenye simu. Kuna binti wa Mikindani alitutumia alama, tukaifuata kwa utiifu mpaka tukafika ukingoni mwa maji, mikoko mbele yetu, na simu inatuambia tuendelee moja kwa moja. Shangazi akazima gari.

"Rukia, hebu mwulize huyo bibi kama anakaa na kaa."

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema. Sikujua kama ni mzaha. Yule binti alicheka sana, mpaka leo ni mteja wetu.

Lakini kanuni kubwa ya Shangazi ilikuwa moja. Usimwulize mtu mzima anakwenda kufanya nini. Mwulize anataka kurudi saa ngapi. Nilijifunza kwa aibu. Siku zangu za mwanzo walipanda kina mama wanne na sufuria ya pilau inayofuka, nami nikajikaza, mara moja katika maisha yangu, nikageuka na kutabasamu: "Arusi ya nani?" Gari zima likanyamaza. Ilikuwa hitima ya marehemu. Tangu hapo sikumuuliza mtu. Na mteja akilia, maana wapo wanaolia, gari huwapa watu faragha ya kulia ambayo nyumbani hawana, wewe peleka tishu nyuma na macho yabaki barabarani. Usigeuke. Usiseme pole kama hukuambiwa jambo. Shangazi alinisifu kwa hilo. Alisema, "Huyu mtoto ana mkono unaoona wenyewe." Sifa hiyo niliiandika kwenye shajara yangu siku hiyo hiyo na kuipigia mstari.

Sasa Nuru.

Nuru ni binti wa ami yangu aliyekuwa akikaa Nairobi, yaani ndugu wa baba na wa Shangazi. Ami alifariki mwaka huu. Mamake Nuru alipotoka eda, Nuru akaja kwa Shangazi abadilishe hewa. Ana miaka kumi na tisa, ana leseni ya udereva, na anaongea na kila kitu kilicho na masikio. Shangazi akimwita hasemi "abee", anasema "niko, Anti!" Mimi ningesema hivyo ningepigwa jicho. Yeye anachekewa.

Kwa muda wa majuma mawili alikuwa akipanda nyuma, "azoee njia." Akiwa huko nyuma aliwaimbisha wateja. Aliwafundisha kina mama wa Kisauni kusema "manze" kama vijana wa Nairobi. Kisha sauti zikaanza kuingia kwenye simu niliyoshika mimi: "Bi Tima, kesho yule msichana mchangamfu atakuwepo?" Nilizisikiliza zote, na nilizijibu zote, kwa heshima, ndiyo atakuwepo. Miaka yote ile hapana mteja hata mmoja aliyewahi kuuliza kama yule mnyamavu atakuwepo.

Nilimwonea wivu, nasema wazi. Nilimwonea wivu kwa leseni yake na kwa sauti yake. Nilimwonea wivu kwa jinsi Shangazi alivyokuwa akimuwekea kipande cha chini cha samaki, chenye mafuta. Usiku nilikuwa nikihesabu mambo ninayoyajua mimi na yeye hayajui, na nilikuwa nikiyakuta mengi, na hayakunisaidia kitu.

Basi ile Ijumaa Shangazi alipotamka alivyotamka, mimi nilisema tu, "Sawa, Shangazi." Nikauliza mteja ni nani.

"Mama mmoja wa Frere Town, Bi Zuhura. Kwenda na kurudi, na kabla ya Magharibi awe ndani kwake."

Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza, kwa sababu ndiyo kanuni.

Gari la Shangazi lilikuwa na sifa moja mji mzima, nayo ilikuwa kazi ya mikono yangu: lilinukia. Jioni kabla ya safari hutia makaa kwenye chetezo, ukaweka chetezo ndani ya beseni la mchanga, ukatia udi, ukaweka chini baina ya viti na kufunga vioo vyote. Beseni la mchanga msilisahau. Kuna tundu kwenye zulia la gari lile, limefunikwa na kipande cha mkeka, na wateja husifia mkeka. Ijumaa ile, Shangazi alipokuwa akisali Magharibi, nilikwenda nikalifukiza gari kuliko siku zote. Nilitaka asubuhi afungue mlango, avute pumzi, aseme, "Hapana kama Rukia." Kisha nikarudi nyumbani nikalifukiza na buibui langu, nikalilalia kwa upande ili lisikunjamane.

Asubuhi nilikuwa kwao kabla jua halijatoka, na chupa ya chai ambayo hapana aliyeniomba.

"Wewe wapi?" Shangazi akauliza.

"Frere Town. Kuna mwenzangu wa shule ana kitabu changu."

"Saa hizi?"

"Huamka mapema."

Akanitazama, akasema haya, panda. Nikapanda nyuma. Nuru alikuwa mbele, amevaa dera lililotoka kwenye kamba, anafunga mkanda kana kwamba alizaliwa nao. Akageuka. "Rukia wangu! Sasa gari linanukia vile, hadi nasikia kuolewa." Nilikuwa nangoja Shangazi aseme, na Shangazi aliteremsha kioo chake tu.

Nyumba ya Bi Zuhura ina mlango wa mbao unaofunguka uani. Alitoka amejitanda kanga nyeupe, uso mtupu, hana wanja, hana hina, hana hata kipini. Nikashuka haraka nikamfungulia mlango wa kushoto. Alinyanyua mguu kuingia, kisha akaurudisha chini.

"Bi Tima. Hili gari lina udi."

"Karibu, mamangu, ndiyo desturi yetu."

"Mimi niko eda."

Nyinyi wadogo zangu mmekulia humu, mnajua. Mjane ana miezi minne na siku kumi za kukaa na msiba wake. Hajipambi, hajitii manukato, na halali nje ya nyumba aliyofiwa. Mchana akiwa na dharura anatoka, usiku uwe umemkuta kwake. Na sisi tulikuwa tumemletea chumba cha bi arusi chenye magurudumu.

Shangazi akashika kichwa. "Astaghfirullah. Nani aliyefukiza?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Nuru.

Tukatazamana. Kumbe na yeye, baada ya Isha, alikuwa ameingia na chetezo. Alikuwa ameniona nikifanya siku zile, akataka kumfurahisha Anti.

"Nyote wawili!" Shangazi akasema. "Ndiyo maana mimi nakohoa tangu Magogoni nadhani ni mafua!"

Bi Zuhura hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alirudi akasimama nyuma ya ubao wa mlango wake na kusema polepole, "Mamangu yuko hospitali Malindi. Ananitaja kila siku. Sheikh ameniambia niende mchana, nirudi nilale hapa. Nikichelewa kuondoka sitawahi kurudi. Na nikiingia humo nitatoka nanukia kama ninakwenda kuchezewa ngoma. Nifanyeje?"

Basi tukafanya kazi. Tulifungua milango yote mpaka na buti. Mimi nilivua kava za viti, zile za kitambaa ambazo ndizo zinazobeba moshi. Nuru aliingia ndani akaomba siki na ndimu, akawa anafuta viti, dari na mikanda. Anafuta vizuri, siwezi kumsingizia. Shangazi alitoa mazulia akayakung'uta ukutani. Kisha nikamsikia Nuru akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akiwa ameinama ndani ya gari:

"Mamangu pia alikuwa eda. Tuko flati, ghorofa ya nne. Mimi ndiye nilikuwa natoka kununua kila kitu. Hata sabuni nilikuwa nainusa kwanza kama haina harufu."

Bi Zuhura akatoka nyuma ya mlango. "Umefiwa na babako, mwanangu?"

"Eeh."

"Lini?"

Nuru akaendelea kufuta pale pale alipokwisha kufuta. Bi Zuhura akaja akamshika bega.

"Wacha, pamekauka. Njoo ukae na mimi huku nyuma."

Wakaingia wote wawili. Bi Zuhura alivuta pumzi, akatikisa kichwa kwamba inatosha, vioo viachwe wazi. Shangazi akazunguka kwenda upande wake. Na kiti cha mbele, kushoto kwa dereva, kikawa wazi.

Wallahi sikufikiri. Kava zote ziko mikononi mwangu, nimeshafungua mlango kwa kiwiko, mguu mmoja uko ndani.

"Wapi, mwanangu?" Shangazi akauliza.

"Si kiti kiko wazi, Shangazi."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. "Rukia. Wewe mwenyewe unanukia. Nimekusikia tangu tulipotoka nyumbani. Shuka na hizo kava, nenda nazo."

Nikashuka. Gari likaondoka na vioo wazi, na kiti changu kikaenda Malindi kitupu.

Nilirudi Magogoni kwa miguu nimekumbatia kava za viti saba. Kijana mmoja wa bodaboda alinipunguzia mwendo. "Dada, gari umeuza ukabaki na nguo zake?" Wenzake wakacheka. Ningekuwa Nuru ningekuwa na jibu. Jibu lilinijia nikiwa nafua, na halikuwa zuri hata hivyo.

Kutwa nzima nilikuwa nao barabarani, kichwani. Saa hii wamepita Mtwapa. Saa hii wako juu ya daraja la Kilifi, Shangazi anapunguza mwendo kama kawaida yake ili mteja aone maji, na anayeoneshwa ni Nuru. Nilikasirika hata nikamkasirikia marehemu. Naomba msinifikirie vibaya, au nifikirieni tu, ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu alikuwa sebuleni, mzima, anakula embe kwa kisu na kunung'unikia taarifa ya habari, na mimi namwonea wivu mtu asiyekuwa na baba, kwa sababu ana kitu cha kumwambia Bi Zuhura na mimi sina.

Walirudi jua likiwa bado juu ya minazi. Bi Zuhura alikuwa ameshashushwa kwake. Mamake alimtambua, alimshika mkono, alimuuliza amekula nini. Hayo alinieleza Nuru tukiwa kwenye bomba la uani kwa Shangazi, akinawa uso. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki.

"Rukia, wewe mtu akilia kwa gari unafanyanga nini?"

"Nampa tishu. Simtazami."

"Mimi nilimtazama." Akajimwagia maji tena. "Tulitoka hospitali, Bi Zuhura akaanza kulia pale Gede, pole pole tu. Nikamwangalia. Basi na mimi nikaanza. Mimi sikulia Nairobi, unajua? Mama alikuwa ndani, nani angeenda dukani? Sasa nikalia yote, manze, nikashindwa kunyamaza, hadi Bi Zuhura ndiye ananibembeleza mimi, mteja! Anti akasimamisha gari baada ya daraja. Akashuka, akaja nyuma, akanikumbatia hivi. Alikuwa analia na yeye. Anasema, ndugu yangu, ndugu yangu."

Nilipaswa kumwambia kitu. Nilimpa taulo, nikatazama pembeni, kama nilivyozoea.

Nilifurahi kidogo, nikiri. Nilifurahi kwamba msaidizi mzima amebembelezwa na mteja, jambo ambalo kwangu halikuwahi kutokea. Furaha ilikaa muda wa kufunga bomba. Kisha nikafikiria miaka yote niliyokaa kushoto kwa Shangazi, nikimpitishia chupa ya maji kabla hajaomba, nikijua anaumwa mgongo kwa jinsi anavyobadilisha gia, na mara zote hizo hakuna hata siku moja aliyosimamisha gari kwa ajili yangu. Wala sikumpa sababu. Mkono unaoona wenyewe haukumbatiwi, hutumwa tishu. Nililala na jambo hilo, na sikulala.

Asubuhi yake, Jumapili, nilikwenda kwa Shangazi nikiwa na kava zimekauka. Nilimkuta anatoka kwenda kujaza upepo magurudumu. Tukavivisha viti pamoja. Tulipomaliza akaingia, akawasha gari, akanyoosha mkono kunifungulia mlango wa mbele. Mimi nikafungua wa nyuma, nikakaa katikati, nikafunga mkanda.

"Kulikoni huko?"

"Shangazi, kazi nimeacha."

Akanitazama kwenye kioo. "Umeacha, au umenuna?"

"Vyote."

Alikaa na usukani mkononi. Jirani alipita akatoa salamu, Shangazi akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo. "Basi," akasema, "na asiye kazini anapanda gari langu kwenda wapi?"

"Malindi."

"Malindi sina mafuta, mwanangu."

"Mtwapa."

"Mtwapa twafika." Akaingiza gia. "Utanisimulia nini mpaka Mtwapa, wewe usiyesema?"

Nikaanza kusema tukiwa bado hatujatoka kwenye lango. Nuru alikuwa amelala chumba cha mbele, dirisha wazi, angetusikia kama tungemwita. Sikumwita.